Sufuria ya presha: uliza raba kwanza

Sufuria yangu ya kwanza ya presha sasa ina kazi moja, kuhifadhi njugu. Iko juu ya kabati, inang'aa kama siku niliyoitoa dukani, na ukiitazama huoni kasoro. Nililipa shilingi 4,200 katika duka moja la vyombo hapa Nakuru, siku za ofa za Desemba, nikajiona mjanja. Ikanipikia githeri miezi minane. Wa tisa ikaanza kutoa mvuke ubavuni, filimbi ikanyamaza, na maharagwe yakawa yanatoka magumu kama kokoto huku gesi imekwisha. Shida ilikuwa raba. Ule mviringo mweusi unaokaa ndani ya kifuniko ulikuwa umekauka na kupasuka mahali pawili.

Nikarudi dukani na raba mkononi. Kijana wa kaunta akaigeuza, akaivuta kidogo, akaniambia, "Madam, hii haina spea. Chukua tu ingine, bado ziko kwa ofa."

Ingine! Chombo cha elfu nne kizikwe kwa sababu ya kipande cha raba. Nilizunguka mji siku mbili, kuanzia Kenyatta Avenue hadi Gusii Road, nikishuka kwenye kila kibanda kinachouza filimbi na vishikio vya sufuria. Raba zilikuwa nyingi. Moja kubwa kidogo, nyingine ndogo kidogo, nyingine nene hadi kifuniko hakifungi. Fundi mmoja wa jua kali alijitolea kunikatia kutoka kwa tyubu ya lori. Nilimshukuru nikaondoka. Tyubu ya lori kwenye chakula cha watoto, moyo huo sina.

Basi msitarajie nizungumzie rangi, vishikio na kile kitabu cha mapishi kinachokuja ndani ya boksi. Wauzaji watawaonyesha hayo bila kuulizwa. Mimi nataka kujua jambo moja tu: raba ya sufuria hiyo ikifa, mtaa gani wa mji wangu nitapata nyingine?

Kwa wale wanaodhani sufuria ya presha ni anasa ya watu wa Milimani, hebu nianze na maji. Mombasa maji huchemka kwa nyuzi 100. Nakuru tuko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na huku yanachemka kwa nyuzi 94 hivi. Kisumu, iliyo kama mita 1,130, ni nyuzi 96. Maji yakishachemka kwenye sufuria ya kawaida hayapati joto zaidi hata uongeze moto namna gani. Yanakauka tu haraka. Nyuzi hizo sita tunazokosa ndizo zinazokula mtungi wa gesi. Sufuria ya presha hufungia mvuke ndani, na maji yakaendelea kupanda joto hadi nyuzi 117 hivi kwa hapa kwetu, ndipo kizito kilicho juu ya kifuniko kiinuke na kupiga filimbi. Nyayo, aina ya maharagwe, nilizoloweka usiku huiva kwa dakika ishirini. Zamani nilikuwa naziinjika, naenda sokoni, narudi, na bado zinanisubiri.

Yote hayo yanashikiliwa na raba. Joto huikausha, mafuta ya matumbo na miguu ya ng'ombe huilegeza, na kuihifadhi sufuria ikiwa imefungwa huibana ikapoteza umbo. Ukipikia jiko la makaa ndiyo mbaya zaidi, maana moto unapanda ubavuni hadi kwenye ukingo wenyewe. Hakuna raba isiyokufa. Mimi hupika kwa presha mara tatu au nne kwa wiki, na raba hunikalia mwaka mmoja, mwaka na nusu nikiitunza: naivua kila mara, naiosha, naikausha, na kifuniko nakilaza juu ya sufuria kikiwa kichwa chini bila kukifunga.

Kwa hiyo dukani fanya hivi. Kabla ya kulipia sufuria, mwambie muuzaji akuuzie raba ya pili papo hapo. Akiitoa chini ya kaunta, endeleeni na bei. Akianza kukuambia "hii haiharibikangi," funga pochi.

Sasa mpangilio wangu.

Nambari moja ni Hawkins, ya alumini, lita 5. Siwafichi, mimi ni mtu wa Hawkins, na hawajawahi kunipa hata kijiko. Ni kampuni ya Mumbai, iko tangu 1959, na kifuniko chake ni tofauti na vingine: kinaingia ndani ya sufuria. Unakipitisha kwa ubavu, unakigeuza, halafu unakivuta juu kikutane na ukingo kwa ndani. Wiki ya kwanza nilipigana nacho kama mtu anayeingiza godoro kwenye mlango wa bedsita. Lakini fikiria kinachotokea mvuke ukijaa. Unakisukuma kifuniko juu, kikajibana kwenye ukingo, na raba ikakazwa na presha ile ile inayotaka kutoka. Raba iliyoanza kuchoka bado inashika. Na presha ikiwa ndani, hata ulazimishe, hakifunguki. Mwenye watoto wanaopenda kupekua jikoni atanielewa.

Yangu niliinunua shilingi 6,500 kwenye duka la Wahindi, lile la aina ya zamani ambapo mizani, chai, masala na sufuria vinakaa pamoja. Mzee mwenye duka hakunieleza lolote kuhusu ofa. Nilipotaja raba, alinyoosha mkono nyuma ya makopo ya samli bila kuangalia na kuitoa. Raba moja ya Hawkins huingia saizi kadhaa za sufuria zao, kwa hiyo hata duka dogo linaweza kuweka aina mbili tatu na kuhudumia mtaa mzima. Sasa niko kwenye raba ya tatu. Sufuria ni ile ile.

Ina ubaya wake. Mdomo ni mwembamba, kuku wa kienyeji lazima akatwe vipande, na kuosha chini kunataka mkono mdogo. Mama mkwe alipokuja kutoka Kakamega na jogoo wake aliitazama sufuria, akamtazama jogoo, akaomba sufuria ya kawaida.

Mama mkwe huyo ndiye sababu ya nambari mbili, Prestige. Nayo ni ya India, ila kifuniko kinakaa juu na kuzungushwa hadi vishikio viwili vilaliane. Mtu yeyote anaielewa mara ya kwanza. Mdomo wake ni mpana, na raba zake hapa Nakuru na Kisumu hazisumbui. Angalia pembeni mwa kifuniko utaona tundu refu kwenye ukingo. Si kasoro. Tundu la mvuke likiziba na presha ikazidi, raba husukumwa nje kupitia hapo na mvuke ukatoka kabla ya jambo baya. Ndiyo maana kwenye Prestige raba ya kubahatisha ni hatari kuliko kuvuja tu: ikiwa ngumu au nene kupita kiasi, huenda isisukumike siku unapoihitaji isukumike. Nunua yenye jina lao. Tofauti ya bei haifiki hela ya nauli ya kwenda Naivasha.

Na jamani, kile kizibo kidogo cha usalama juu ya kifuniko kisiguswe na fundi wa baiskeli. Nimekiona kwa macho yangu, kwenye kibanda kimoja cha chakula, kimeng'olewa na mahali pake pamekazwa bolti. Mama anapika maharagwe ya watu arobaini na bomu mkononi. Kizibo kile kimewekwa ili kiachie mvuke vingine vyote vikishindwa. Nacho kina spea. Uliza.

Nambari tatu ni za stenlesi, na naziweka hapa kwa ajili ya watu wa magadi. Najua mko wengi. Magadi yanalainisha maharagwe, ni kweli, lakini yanaila alumini: sufuria inakuwa nyeusi ndani, halafu inaanza vishimo vidogo vidogo. Munyu wa majivu wa Waluhya hufanya vivyo hivyo. Binafsi naona ukishakuwa na presha magadi hayana kazi tena kwenye githeri. Mama yangu hakubaliani, anasema githeri bila magadi ni chakula cha hospitali. Kama nyumbani kwako sauti ya mama ndiyo ya mwisho, nunua stenlesi, na uhakikishe kitako ni kinene chenye tabaka la alumini katikati. Stenlesi nyembamba haisambazi moto, chakula kinaungua pale tu panapoguswa na gesi. Hawkins na Prestige wote wana za stenlesi. Ni ghali, karibu mara mbili ya nilicholipa, na hapo nilikata tamaa.

Zile za elfu moja mia tano zinazopangwa kando ya barabara, sina mengi. Kifuniko kikipinda ukikibonyeza kwa kidole, rudisha. Nimemaliza.

Kuhusu ukubwa, neno moja kwa wenye meko: mtungi wa kilo 6 wenye jiko juu yake haukuundwa kubeba sufuria ya lita 10 iliyojaa. Inayumba. Lita 5 inatosha familia ya watu sita, ukikumbuka kwamba maharagwe hayapiti nusu ya sufuria. Povu likipanda, maganda yake ndiyo yanayoziba tundu la mvuke. Na msiniulize filimbi ngapi. Filimbi ya kwanza ikilia punguza moto, kisha uangalie saa.

Nije kwa wauzaji, maana hasira yangu iko hapo. Nilisoma kadi ya waranti ya ile sufuria ya njugu. Mwaka mmoja, imeandikwa kwa herufi kubwa. Chini, kwa herufi za mchwa: raba, valvu na vishikio havimo. Sasa kinachobaki ni nini, kitako? Tangu lini kitako cha sufuria kikaharibika ndani ya mwaka? Wanaouza mtandaoni nao ni hadithi nyingine. Nilimwandikia mmoja nikamwuliza kipenyo cha raba ya sufuria aliyoitangaza. Akanitumia picha ile ile ya tangazo. Nikauliza tena. Akatuma kidole gumba.

Bei nazo zinasomwa usoni. Raba ile ile ya Hawkins niliuziwa 350 na yule mzee, wiki hiyo hiyo, duka jingine umbali wa dakika tano kwa miguu likanitajia 700, kisha 600 "kwa sababu ni wewe." Mimi nani? Tulikuwa hatujawahi kuonana. Msomaji wa Kisumu aliniandikia kwamba aliuziwa raba ya jina analolijua, kumbe herufi moja imebadilishwa, na ikanuka kama tairi linaloungua siku ya kwanza. Soma jina herufi kwa herufi. Kwenye sufuria yenyewe tafuta alama ya ISI na namba IS 2347, ndicho kiwango cha India cha sufuria za presha za nyumbani. Serikali yao ilikifanya cha lazima kwa agizo la 2020. Alama inaweza kuigwa, sawa, lakini waigaji wengi ni wavivu na hawaiweki kabisa.

Aliye tayari na sufuria yatima, isiyo na spea, kama yangu, asiende dukani mikono mitupu. Beba kifuniko chenyewe. Kupima raba iliyokauka kunadanganya kwa sababu imeshanywea. Pima kifuniko, ingiza raba mpya pale pale mbele ya muuzaji, funga, vuta. Ile ya zamani ukiilowesha maji baridi sana kabla ya kupika inaweza kushika mara moja au mbili, ya kukuvusha hadi mwisho wa mwezi tu.

Juzi nilipita pale nilikonunua ile ya kwanza. Ziko dirishani bado, zimebandikwa jina jipya, bei imepanda hadi 5,000. Nikaingia. Ni kijana yule yule wa kaunta, na aliponiona akaanza kucheka kabla sijafungua mdomo.

"Madam wa raba," akasema. "Bado hatuna."