Chipu ya mbwa: nimemwekea, sijutii ila kagueni fomu

Aisee niseme ukweli, nilivyosikia mbwa anawekewa chipu, yaani kidude chenye namba ya kumtambulisha kinachokaa chini ya ngozi, nikajua ni mambo ya matajiri wa Masaki tu. Halafu mbwa wangu Simba akatoroka usiku wa fataki za mwaka mpya huku Tabata, siku tatu tunamtafuta mpaka majalalani, kuja kumkuta gereji kafungwa kamba na jamaa anakomaa kabisa ni mbwa wake, sasa hapo unathibitishaje?

Basi nikampeleka kwa daktari wa mifugo Mikocheni. Kitu chenyewe kama punje ya mchele, anadungwa na sindano nene kidogo katikati ya mabega, Simba kalia mara moja tu akarudi kunusa viatu vya daktari. Wakapitisha skana, kile kifaa cha kusoma chipu, mgongoni ikalia pii, namba 15 hizo hapo. Ila msichanganye jamani, hii sio GPS, haina hata betri, haikuambii mbwa yuko wapi, mpaka mtu amwokote ampeleke penye skana ndo namba itafutwe kwenye kumbukumbu jina lako litokee.

Kilichoniudhi, kwenye fomu walikosea tarakimu moja ya simu yangu, nisingekagua ningekuwa nimechoma hela bure, wangempigia nani sasa? Na ukibadili laini nenda kabadilishe namba na kwenye kumbukumbu zao. Kola yenye namba ya simu sijamvua, maana mama muuza vitumbua akimwokota skana ataitoa wapi. Foleni nayo mmh, masaa mawili. Nawapa nyota nne.