Panasonic Lumix FZ300 kwa mpiga picha wa Mikindani
Kwa mwenye fedha ya kiasi anayetaka kuvuta karibu majahazi ya ghuba ya Mikindani, kamera ya Panasonic Lumix FZ300, iliyotoka mwaka 2015, bado inafaa kutafutwa hata ikiwa imetumika. Lenzi yake huvuta mara 24, na uwazi wa f/2.8 (tundu la kupitisha mwanga; namba ikiwa ndogo, mwanga huingia mwingi) haupungui hata ikivutwa hadi mwisho, ilhali nyingi za aina hii hupoteza mwanga kadiri zinavyovuta. Tena imezibwa dhidi ya vumbi na manyunyu, jambo la maana huku pwani. Lakini kihisi chake, yaani kipande kinachopokea mwanga, ni kidogo, cha inchi 1/2.3, hivyo ISO (kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ikipandishwa sana picha hujaa chembechembe. Kwa ngoma ya usiku yenye taa moja, ningechagua kihisi kikubwa na lenzi isiyovuta ya milimita 50 ya f/1.8, nikakubali kusogea kwa miguu.