Uzoefu Wangu: Siku Mbili za Pikipiki za Theluji Milimani, na Mlima Ambao Hatukuupanda

Nilipolipia safari ya siku mbili ya kuendesha pikipiki za theluji milimani, nilidhani ninanunua kasi, mandhari na picha za kuwaonyesha jamaa. Nikipima sasa, sehemu kubwa ya nilichonunua ilikuwa maandalizi, na ndiyo sababu tathmini hii imekuwa ndefu kuliko nilivyokusudia. Wengi wanaouliza kuhusu safari za aina hii huanza na ukubwa wa injini, swali ambalo kwa maoni yangu lingefaa kuwa la tano au la sita. Kampuni yenyewe sitaitaja, kwa kuwa ninayo malalamiko kadhaa na sitaki yageuke kuwa mashtaka.

Wiki moja kabla ya safari nilipigiwa simu na mwongozaji mwenyewe, wala si karani wa kupokea malipo. Aliniuliza nimewahi kuendesha chombo hicho mara ngapi, kama nimekiendesha kwenye theluji laini yenye kina au kwenye njia zilizoshindiliwa tu, nina maradhi gani, na nani apigiwe simu iwapo hatutarudi kwa saa iliyopangwa. Swali hilo la mwisho lilinishtua kidogo, kumbe ndilo msingi wa mpango mzima: ramani ya njia yetu, saa ya kurudi, na saa ambayo waokoaji wangeitwa bila kusubiri zaidi, vyote viliachwa kwa mtu aliyebaki bondeni. Kule juu simu za mkononi hazikupata mtandao, kwa hiyo mwongozaji alibeba kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti, na kila mmoja wetu akapewa redio ya mawasiliano.

Jioni ya kuamkia safari tuliketi na ramani mezani, na hapo ndipo nilipoanza kuiona thamani ya fedha yangu. Maporomoko ya theluji ya aina ya bamba, yaani yale ambayo tabaka zima hukatika na kuteleza kwa pamoja, mengi hutokea kwenye miteremko yenye mwinamo wa kati ya nyuzi 30 na 45, na kwa bahati mbaya hiyo ndiyo miteremko inayomtamanisha zaidi mwendesha pikipiki. Mwongozaji alikuwa ameipaka rangi kila sehemu ya ramani inayofikia nyuzi 30, akatuonyesha kwamba hatari haimhusu aliye juu ya mteremko peke yake: anayepita chini, mahali ambapo theluji inayoporomoka huja kutulia, anaweza kufukiwa na poromoko lililoamshwa na mwenzake. Kisha alisoma taarifa ya hatari ya maporomoko. Kipimo kina ngazi tano, na utabiri wetu ulikuwa ngazi ya 3. Nikasema kwa sauti kwamba 3 kati ya 5 ni katikati, basi hali si mbaya. Alinisahihisha kwa upole: hatari haipandi kwa hatua zinazolingana kutoka ngazi moja hadi nyingine, na katika ngazi ya 3 uzito wa mtu mmoja unaweza kutosha kuukata mteremko, ilhali watu bado hutoka kwa wingi kwa sababu namba haiwatishi.

Hesabu ya petroli ilikuwa fupi na ya kueleweka: thuluthi moja ya kwenda, thuluthi moja ya kurudi, na thuluthi ya dharura, kwani chombo kinachojikokota kwenye theluji laini hunywa mafuta kuliko kile kinachoteleza kwenye njia ngumu. Vilevile tuliambiwa tusishangae tukiona injini zimelegea, kwa kuwa hewa hupungua kadiri unavyopanda, na injini isiyo na turbo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi) hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za mwinuko.

Asubuhi ya kwanza ilikwenda karibu yote kwenye mazoezi ya uokoaji, na wenzangu wawili walinung'unika waziwazi kwamba hawakulipa ili wachimbe theluji. Mimi nasema hiyo ndiyo sehemu bora ya huduma nzima. Kila mmoja alikabidhiwa vitu vitatu: kifaa kidogo cha mawimbi kinachofungwa mwilini chini ya koti, ufito mrefu wa kukunjwa, wa kuchomeka kwenye theluji kumtafuta aliyefukiwa, na koleo. Kifaa hicho hutuma ishara muda wote wa safari. Mtu akifukiwa, wengine hugeuza vyao vipokee badala ya kutuma, kisha hufuata mishale na namba hadi alipo. Vyote hutumia mawimbi ya kilohezi 457, kwa hiyo cha kampuni moja husikia cha kampuni nyingine. Jambo ambalo halikunitoka akilini ni muda. Aliyefukiwa kabisa, akitolewa ndani ya dakika 15 hivi, ana nafasi nzuri sana ya kupona. Ikifika nusu saa, nafasi hiyo imekwisha poromoka, kwa sababu wengi hufa kwa kukosa hewa. Hakuna helikopta iwezayo kufika ndani ya dakika hizo, kwa hiyo waokoaji wako ni wale uliotoka nao asubuhi, pamoja na ujuzi walio nao au wasio nao. Ndiyo sababu pia koleo na ufito hukaa katika shanta mgongoni, kamwe si kwenye pikipiki: poromoko likikitenganisha chombo na mwenyewe, vifaa vilivyofungwa kwenye chombo huenda na chombo.

Nilishindwa vibaya katika zoezi la kwanza. Mfuko wenye kifaa ulikuwa umefukiwa chini ya mita moja ya theluji, nami nilizunguka kama kuku aliyekatwa kichwa, namba zikipanda na kushuka bila mpango. Mwongozaji aliniacha nihangaike kwanza, kisha akaniuliza simu yangu iko wapi. Ilikuwa katika mfuko wa kifuani, sentimita chache kutoka kwenye kifaa, na mikononi nilikuwa nimevaa glavu zenye umeme wa kupasha joto, huku injini ya pikipiki ikiendelea kunguruma kando yangu. Vyote hivyo huvuruga ishara. Kanuni tuliyopewa ni kuweka vitu vya umeme umbali wa angalau sentimita 20 wakati kifaa kinatuma na sentimita 50 wakati wa kutafuta, na kuzima injini zote kabla mtu hajapiga hatua ya kwanza. Mara ya pili niliupata mfuko kwa muda usiozidi dakika nne. Tulijifunza pia kwamba ufito ukishagusa mtu hauchomolewi, na kwamba kuchimba huanzia upande wa chini wa mteremko, si moja kwa moja juu ya aliyefukiwa. Mazoezi haya yalinichosha kuliko kuendesha.

Kuhusu uendeshaji wenyewe sina mengi. Vyombo vilikuwa vya milimani kweli, vyenye mkanda mrefu unaozunguka chini ya chombo kukisukuma, wenye meno marefu ya kushika theluji, na vyote vilikuwa na kamba ya kumfunga dereva, ambayo huzima injini akianguka. Kila mteremko tulipanda mmoja mmoja, wengine wakisubiri mahali salama, vyombo vimeelekezwa upande wa kutokea. Mwenzetu alipokwama katikati ya mlima, hakuna aliyeruhusiwa kumfuata. Alijikwamua peke yake kwa dakika kumi za jasho, kwa kuwa watu wawili kwenye mteremko mmoja ni uzito maradufu na ni watu wawili wa kutafutwa.

Siku ya pili ilikuwa ya kupanda mgongo wa mlima ambao picha yake ndiyo iliyonifanya nilipie. Usiku upepo ulivuma kwa nguvu na theluji mpya ikalundikana upande usiopigwa na upepo, ambao ndio tuliokusudia kupitia. Tulikwenda hadi chini yake. Mwongozaji aliposhuka na kukanyaga, theluji ilitoa sauti nzito ya kudidimia, na ufa ukakimbia mbele ya buti lake, dalili kwamba tabaka liko tayari kukatika. Hakujadiliana nasi. Alituelekeza kwenye msitu wa miteremko ya chini, tukashinda humo siku nzima. Nakiri nilikasirika, na nilikula chakula cha mchana bila kusema na mtu. Hata hivyo, sehemu ambayo ningeipa nyota zote ni hiyo, kwa sababu ningekuwa na rafiki zangu tu, bila mtu wa kutukataza, mimi ningekuwa wa kwanza kusema twende.

Sasa malalamiko. Tulikuwa wanane kwa mwongozaji mmoja, na kwa maoni yangu hiyo ni idadi kubwa mno. Wa mwisho katika msafara alikuwa haonekani mara nyingi. Redio mbili zilikufa kabla ya saa sita mchana kwa sababu ya baridi, na hapakuwa na betri za akiba. Shanta lenye puto, lile linalojazwa hewa ili limwinue mtu juu ya theluji inayoporomoka, lilikodishwa kwa malipo ya ziada ambayo hayakutajwa wakati wa kuweka nafasi, na langu lilikosa mkanda wa kupita katikati ya mapaja, ambao bila huo shanta linaweza kung'oka mwilini. Nililalamika, nikabadilishiwa, lakini kasoro hiyo haikupaswa kugunduliwa na mteja.

Nimeweka nafasi tena kwa mwongozaji yuleyule, safari hii kwa kundi la watu wanne, na kifaa cha mawimbi nimenunua changu. Mgongo ule wa mlima bado sijaupanda.