DIO yenye usafi wa asilimia 98: nzuri kwenye wino, mbaya ikibaki ndani ya seli

Kwa anayetengeneza seli za sola za kikaboni kwa PTB7 (polima inayofyonza mwanga) na PC71BM (fulereni, molekuli ya kaboni inayopokea elektroni), chupa ya 1,8-dayodooktani, ambayo maabara zote huiita DIO, bado ni pesa iliyotumika vizuri. Masharti yake mawili hayapuuzwi: kilichomo kwenye chupa kiwe safi, na DIO iondolewe ikishamaliza kazi.

Kazi yenyewe ni hii. DIO huyeyusha fulereni lakini haiyeyushi polima vizuri, tena hukauka kwa kuchelewa sana kuliko klorobenzini, kiyeyushi kikuu cha wino, inayochemka karibu nyuzi 132. Klorobenzini ikishaondoka, PC71BM bado imeyeyuka ndani ya DIO na inapata nafasi ya kupenya katikati ya minyororo ya polima. Bila DIO, fulereni hujikusanya mabonge yenye upana wa nanomita 100 na zaidi, ilhali eksitoni (jozi ya elektroni na tundu lake inayozaliwa na mwanga) husafiri kama nanomita 10 tu kabla ya kuzimika. Nyingi hazifiki kwenye mpaka wa polima na fulereni, na mkondo unapotea hapo. Mwaka 2007 watafiti wa Santa Barbara, Marekani, waliipandisha PCPDTBT, polima nyingine, kutoka ufanisi wa asilimia 2.8 hadi 5.5 kwa kiongezi cha oktanidithioli. Mwaka uliofuata DIO ikaonekana bora zaidi. Mwaka 2010 PTB7 ikafika asilimia 7.4.

Kipimo cha wino cha kuanzia: miligramu 10 za PTB7, miligramu 15 za PC71BM, maikrolita 970 za klorobenzini na maikrolita 30 za DIO, yaani asilimia 3 kwa ujazo. Koroga usiku kucha ndani ya nitrojeni, kwenye joto la nyuzi 60 hivi. Makosa mengi hutokea kwenye pipeti, kwa sababu DIO hung'ang'ania kuta za ncha yake. Vuta taratibu, kisha hakiki kwa mizani: maikrolita 30 zina uzito wa miligramu 55 hivi. Ukizidisha, utando (tabaka jembamba linalobaki wino ukikauka) hubaki na majimaji muda mrefu, na polima na fulereni hutengana kupita kiasi.

Sehemu inayonifanya niipunguzie alama ni kuiondoa. Hata shinikizo likishushwa hadi milimita 6 za zebaki, DIO huchemka karibu nyuzi 168, kwa hiyo dakika chache kwenye sahani ya moto hazitoshi. Inayobaki ni hatari: urujuanimno hukata kifungo cha kaboni na iodini, radikali (vipande vya molekuli vyenye ukali wa kikemia) zinazozaliwa zinashambulia polima, na oksijeni ikiwepo uharibifu unaenda mbio. Dalili yake ni seli inayopima vizuri siku ya kwanza, kisha inaporomoka chini ya taa. Iache usiku mzima kwenye ombwe kali kabla ya kuweka elektrodi, au dondosha metanoli juu ya utando unaozunguka kwa mizunguko 2500 kwa dakika. Metanoli huisomba DIO na kuiacha PTB7 mahali pake. Kwangu mimi, matokeo ya DIO yasiyosema iliondolewaje hayajakamilika.

Unaponunua, chagua inayouzwa ikiwa na vipande vya shaba ndani. Si uchafu, vinakamata iodini inayojitenga, kwa hiyo viache humo. Kimiminika kiwe hakina rangi au cha njano hafifu. Kikigeuka waridi au kahawia, iodini imeshaachia, usikitumie. Kitunze gizani kwenye friji, na chupa ipate joto la chumba kabla ya kufunguliwa, la sivyo unyevu wa hewa utageuka matone ndani.

Mwenye P3HT, polima nyingine, asiinunue: kupasha utando nyuzi 140 hivi kwa dakika 10 kunatosha. Mwenye PM6 (polima) na Y6 (kipokea elektroni kisicho fulereni) aanze na kiongezi kingine, 1-kloronafthalini. Ndiyo iliyotumika mwaka 2019 Y6 ilipotangazwa kwa asilimia 15.7: asilimia 0.5 ndani ya klorofomu, kisha nyuzi 110 kwa dakika 10. Haina iodini, na huchemka karibu nyuzi 260 kwenye shinikizo la kawaida la hewa, chini ya DIO kwenye shinikizo hilohilo, hivyo hutoka kwa urahisi zaidi. Maikrolita 5 kwa mililita ni kiasi kidogo mno kupimwa kwa uhakika kila mara, kwa hiyo changanya maikrolita 50 katika mililita 9.95 za klorofomu na uyeyushie humo. Mchanganyiko huo utumike siku hiyohiyo, maana klorofomu huruka kila kifuniko kinapofunguliwa na asilimia ya kiongezi inapanda bila kuonekana.