Baba aliambiwa asukutue koo: programu ya kutafsiri ilivyoniangusha

Mwaka wa kwanza wa udaktari hapa Moscow, usiku nilisoma vitabu vya Kiingereza, asubuhi nasikiliza mihadhara ya Kirusi. Mwaka mzima wa podfak, yaani darasa la lugha kabla ya chuo chenyewe, haukunitosha. Nikapakua programu ya kutafsiri kwenye simu, jina nalihifadhi, nikailipia kabisa.

Maneno marefu ya Kilatini iliyaweza. Iliniangusha kwenye mepesi. Siku ya kupima afya, daktari, mama wa makamo, aliniuliza magonjwa ya nyumbani kwetu. Nikaandika kwa Kiingereza kwamba baba ana angina, yale maumivu ya kifua moyo unapokosa damu ya kutosha. Simu ikarudisha "ангина", neno lile lile kwa herufi za Kirusi. Mama akatabasamu: "Anywe chai ya moto, asukutue koo."

Kumbe kwa Warusi angina ni mafindofindo! Ugonjwa wa baba wao wanauita stenokardia. Nikashika kifua, nikaonyesha kidonge cha chini ya ulimi. Hapo tabasamu likamtoka, akakata alichoandika.

Mitego ya namna hii ni mingi. "Insult", ambayo kwa Kiingereza ni tusi, kwa Kirusi ni kiharusi. "Prezervativ" si dawa ya kuhifadhi jemu isiharibike, ni kondomu, kwa hiyo chunga mdomo dukani. Mengine lakini nayapenda: tetekuwanga ni vetryanka, kutokana na neno la upepo, na rubela ni krasnukha, kutokana na wekundu. Hayo hayahitaji kukariri.

Sasa natumia Multitran, kamusi ya bure mtandaoni. Kila maana ina alama ya fani yake, "мед." ikiwa ni tiba. Sentensi nzima usiipelekee, na orodha za maana ni ndefu hadi kizunguzungu. Mimi natafuta "мед." kwanza, kisha nalichukua neno la Kirusi nalirudisha Kiingereza, nione kama nafika nilikotoka.

Ile ya simu naipa nyota mbili, maana kuagiza chakula inaweza. Multitran nne. Baba nilipomsimulia alicheka sana, akauliza kama hiyo chai inatiwa sukari.