Pikapu mpya, gia inayoruka, na yule aliyeniuliza mzee wangu yuko wapi

“Mama, si ungekuja na mzee tuongee naye?”

Hivyo ndivyo alivyoniambia msimamizi wa gereji ya shorumu iliyoniuzia pikapu hapa Nakuru, mara ya tatu nilipoirudisha. Nimejaribu kuandika haya kwa utulivu, nikafuta, nikaanza upya, na kila nikianza sauti yake inarudi. Basi acha nianze na yeye.

Haya ni maoni yangu ya mnunuzi, lakini ukubwa wa injini na mambo ya viti sitaeleza, yako kwenye karatasi zao. Mimi husambaza chakula cha kuku. Napakia Nakuru, nashusha Londiani, Kericho na Awasi, namalizia Kisumu. Miaka mingi niliendesha pikapu ya mtumba, nikachoka kulala Mau Summit nikisubiri fundi. Nikaenda benki, nikatoa akiba yangu yote kama malipo ya kwanza, nikachukua mpya kabisa, zaidi ya shilingi milioni 3, plastiki bado kwenye viti. Kitabu cha gari kikatoka na majina mawili, langu na la benki. Siku hiyo dada zangu walipiga vigelegele hadi majirani wakatoka nje.

Safari ya pili ya mzigo, natoka Salgaa napanda mlima wa Sachangwan, gia ya tatu ikajitoa yenyewe. Anayeijua barabara ile hahitaji kuelezwa zaidi. Injini ilipiga kelele, gari likalegea, na nyuma yangu kulikuwa na trela linaniwashia taa. Nilirudisha gia, ikajitoa tena. Nikairudisha na kuibana kwa mkono wa kushoto, kama mtu anayezuia mlango usifunguliwe na upepo, usukani nikauachia mkono mmoja. Nilipofika juu nikasimama kando. Kiganjani nilikuwa na alama nyekundu za zile namba zilizochongwa juu ya kirungu cha gia.

Nikairudisha. Wakakaa nayo siku mbili, wakanipa karatasi imeandikwa “hakuna tatizo lililoonekana”. Waliijaribu wapi? Kenyatta Avenue. Gari tupu, barabara tambarare! Nikawaambia kasoro inatokea mlimani na mzigo mgongoni. Wakasema gari mpya ina ugumu wake, niipe muda izoee. Nikaipa muda, na likawa kosa langu kubwa, nitalieleza. Mara ya pili wakabadilisha oili ya gia, wakaniambia tena nivumilie. Mara ya tatu ndipo nikapelekwa kwa msimamizi, naye akasema napakia kupita kiasi. Nikatoa risiti kwenye mkoba, nikazipanga mezani moja moja: magunia 18 ya kilo 50, jumla kilo 900, na pikapu mliniuzia kama ya tani moja. Hakuzitazama. Alitazama mlango, ndipo akaniuliza habari ya mzee.

Mume wangu ni mwalimu upande wa Njoro. Hajawahi kuendesha gari maishani mwake. Alikuja siku iliyofuata kwa sababu nilimwomba, nikitaka kuona kwa macho yangu kama ni kweli. Akaletewa kiti. Akaletewa chai. Akachorewa giaboksi kwa kalamu, akaelezwa meno yanavyoshikana, na mimi nimesimama hapo na risiti zangu mkononi. Akamsikiliza yule bwana mpaka mwisho, kisha akasema, “Mimi siendeshi. Mwenye gari ni huyu, na mwenye mkopo ni huyu. Mweleze yeye.” Msimamizi akakunja kile kikaratasi.

Kesho yake nilikwenda kwa wakili, binti mdogo mwenye ofisi si mbali na mahakama. Shemeji yangu aliye Marekani alikuwa amenijaza matumaini kwenye simu. Kwao gari jipya bovu huitwa limau, na ziko sheria zake za majimbo, Connecticut ikitangulia mwaka 1982, kwamba mtengenezaji akishindwa kulirekebisha baada ya kupewa nafasi za kutosha, mnunuzi hupewa jingine au pesa zake. Wakili akaniambia Kenya hatuna sheria ya limau. Lakini hatuko uchi. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na fidia akipata hasara kwa kasoro. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, kifungu cha 16, inaweka sharti la ubora kwa muuzaji anayefanya biashara ya bidhaa hizo, hata kama mkataba haukulitaja. Na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakazia hilo hilo. Nilikuwa nikidhani haki yangu yote imo ndani ya kile kijitabu cha waranti. Kumbe waranti ni ahadi ya kiwanda, na muuzaji ana deni lake mwenyewe kwangu, mbali na waranti.

Akaniuliza, “Mama, mara ya kwanza uliwaandikia?” Sikuwaandikia. Nilipiga simu, nilikwenda, nilisema kwa mdomo. Akanyamaza kidogo, akaanza kunieleza habari ya kukataa gari.

Sikilizeni hapa, kwa sababu ndiyo sababu ya kuandika haya yote. Ukiuziwa kitu kibovu unaweza kukikataa, ukarudisha na kudai pesa zako. Lakini ukikaa nacho kupita muda unaofaa bila kumwambia muuzaji kwamba umekikataa, sheria inakuhesabu umekipokea. Ukishakipokea, mlango wa kurudisha unafungwa, unabaki na dai la fidia tu. Sasa fikirieni: “ipe muda izoee”, “vumilia mama”, “rudi baada ya wiki mbili”. Nilivumilia kwa heshima, nikaendelea kupakia magunia kwa sababu benki haikungoja. Wakili akaniambia wazi kwamba tukifika kortini, upande wao utasema huyu mama alilikubali gari, tazameni kilomita alizotembea. Subira waliyoniomba wao wenyewe ndiyo wangeigeuza ushahidi dhidi yangu. Nilishindwa hata kuinua kikombe cha maji nilichowekewa.

Akanipa kazi. Kwanza, kila kitu kwa maandishi kuanzia leo, nakala kwa benki, kwa sababu jina lao limo kitabuni na huwezi kurudisha gari la watu wawili peke yako. Pili, fundi yeyote wa nje asifungue kitu, wasije wakasema nimevunja waranti. Tatu, gari lijaribiwe mlimani na mzigo, mtu wao akiwemo. Akaandika barua ya madai, siku 14. Akaniambia pia kwamba Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hupokea malalamiko ya wanunuzi, tukaliweka hilo akiba.

Barua iliwafungua masikio. Wakanipa fundi kijana, nikapakia magunia yale yale 18, tukapanda naye barabara ya Menengai, yeye akiendesha. Hatukufika mbali. Gia ya tatu ikamtoka mkononi. Akairudisha, ikatoka. Akasimamisha gari, akavuta breki ya mkono, akakaa kimya akiangalia ule mji chini na ziwa. Kisha akasema, “Pole sana mama. Hii si wewe. Imekuja hivi.” Na akaandika! Kwa mkono wake, kwenye karatasi ya kazi: gia ya tatu inatoka gari likipanda na mzigo. Maneno machache tu, na ndiyo yaliyofanya kazi kuliko miezi yote ya mdomo wangu. Kijana, popote ulipo, Mungu akuzidishie.

Giaboksi nzima ikabadilishwa, bure. Wakati wa kuchukua gari nikaandika juu ya sahihi yangu, kama nilivyofunzwa: nimepokea bila kuachia haki zangu. Msimamizi alisoma, akataka nifute. Sikufuta.

Sasa hukumu. Nilipoanza kuandika nilikusudia nyota moja. Kwa ajili ya yule kijana nilitaka kupandisha hadi tatu, na kusema kweli gari lenyewe sasa linavuta vizuri sana. Linapanda bila kulalamika, mafuta halili ovyo, na wateja wangu wa Kisumu hawanipigii tena kuuliza mzigo uko wapi. Ningekutana na mtu leo anayetaka aina hii ya gari nisingemkataza.

Lakini nikifungua daftari langu hasira inarudi. Wiki zile nilikodi pikapu ya jirani, nikalipa marejesho ya gari lililolala gerejini, nikapoteza mteja mmoja mkubwa wa Kericho aliyechoka kusubiri. Nilipouliza habari ya hasara hiyo waliniahidi sevisi moja ya bure na kofia. Kofia! Hapana, ni nyota moja. Ya kijana.

Hasara hiyo haifiki shilingi milioni 1, na hicho ndicho kikomo cha Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60, na mtu anaweza kusimama mwenyewe bila wakili. Gari lenyewe lisingeingia huko kwa bei yake, wala huwezi kulikata dai moja vipande vipande ili litoshe. Hili la hasara linatosha. Mume wangu ananishauri niache, gari limepona. Labda ana haki. Risiti za kukodi nimeshazitoa nakala hata hivyo, na daftari la safari nimelipeleka kwa wakili alitazame.

Juzi nimepanda tena Sachangwan na magunia 18. Gia ya tatu imekaa imara kutoka chini mpaka juu. Mkono wangu wa kushoto nao ulikuwa juu ya kirungu njia nzima, umebana.