Mizani ya sonara, lenzi na programu ya simu: jinsi nilivyokagua sarafu za marehemu babu

Nianze na alama, maana najua wengine hamtasoma hadi chini. Mizani nyota tano. Lenzi nyota tatu. Programu ya kutambua sarafu nyota moja, na hiyo nimeipa kwa kuwa ilituchekesha msibani.

Babu mzaa mama alifariki mwaka jana hapa Tororo. Alikuwa fundi wa reli, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 alirudi nyumbani na kisanduku cha spana na kopo la Kimbo lililojaa sarafu. Lile kopo hakuna aliyelijali mpaka wajomba walipoanza kutumiwa video za WhatsApp: eti peni ya zamani (zile senti za shaba zenye tundu) yenye kasoro ya kiwandani inanunuliwa kwa mamilioni. Basi kopo likawa jambo la mirathi. Mama mdogo akanikabidhi mimi, "wewe si ndiye unayejua mambo ya simu", zikahesabiwa mbele ya watu: 83.

Kwa bahati mbaya alikuwa ameshazisugua nusu yake kwa ndimu na majivu, kwa nia njema kabisa, ili zing'ae kwa heshima ya marehemu. Kama kopo lako bado halijaguswa, mfungie mama mdogo wako jikoni. Ile rangi ya kahawia inayokaa juu ya shaba kwa miaka ndiyo mnunuzi anayoitafuta, na ikishatoka haina marejeo.

Programu niliipakua usiku uleule. Siku tatu bure, kisha inakata dola kila wiki, na kujiondoa kulinichukua muda kuliko kujiunga. Unapiga picha pande mbili, inakupa jina, mwaka na bei. Peni ya tundu ya 1936 yenye jina la Edward VIII ikaandikiwa "adimu sana". Mjomba mkubwa akasimama. Kumbe anayeadimika ni mfalme huyo kwenye sarafu za kwao Uingereza, kwa sababu alijiuzulu Desemba 1936 kabla hazijatoka. Za Afrika Mashariki zenye jina lake zilitoka na zikatumika. Mle koponi tu zilikuwa sita. Mjomba akakaa.

Ikaendelea hivyo hivyo. Peni isiyo na herufi ya kiwanda iliiita kasoro. Lakini H ni kiwanda cha Heaton kule Birmingham, KN ni Kings Norton, SA ni Pretoria, I ni Bombay, na isiyo na herufi ni ya London. Peni nyembamba nayo ikaitwa kasoro, kumbe wakati wa vita vya pili vya dunia zilipunguzwa unene makusudi. Kilichotumaliza ni shilingi tano ya Uganda ya 1972, ile ya pembe saba ya enzi za Amin, ambayo haikukaa sana mikononi mwa watu na ndiyo maana inatafutwa. Programu ilihesabu pembe, ikatuambia ni peni 50 za Uingereza.

Ndipo nikanunua mizani ndogo ya sonara Kampala, shilingi 45,000, inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, pamoja na lenzi. Lenzi imeandikwa inakuza mara 30. Haikuzi hata nusu yake, lakini inatosha. Mizani niliipima kwanza kwa jiwe la sonara wa jirani, ikawa sawa. Uzito halali wa kila sarafu niliutoa Numista, katalogi ya bure mtandaoni, ambayo peke yake ilinifaa kuliko ile programu ya kulipia.

Kazi yenyewe ni ya kuchosha na ndiyo yenye raha. Shilingi ya simba, ile ya zamani ya Afrika Mashariki, inapaswa kukaribia gramu 7.8. Nilipanga zote, nikapima moja moja, nikaziweka kando zilizopungua. Zilibaki tatu za kujadiliwa: shilingi mbili zilizomeguka ukingoni na peni moja yenye tundu kubwa kupita kiasi.

Shilingi ya kwanza ilikuwa na pengo lenye mistari midogo iliyosimama wima. Hiyo ni tupa. Mtu aliisaga, labda alitaka madini yake ya fedha, labda alikuwa mtoto asiye na kazi. Ya pili, ya 1924, pengo lake ni mviringo laini kama kucha, herufi zilizo karibu nalo zimevutika kuelekea pengoni, na ukingo wa upande wa pili, mkabala kabisa, umefifia. Hapo ndipo moyo ulinidunda. Mashine ya kiwandani hukata visahani kutoka kwenye bamba kabla ya kuvigonga chapa; bamba lisiposogea vya kutosha, kisu kinaingilia tundu lililokatwa mwanzo na kisahani kinatoka kimeumwa. Kinapobanwa kutengenezewa ukingo, mahali penye pengo hapana cha kubana, kwa hiyo na upande wa pili haubanwi vizuri. Mtu wa tupa hawezi kuigiza hilo.

Peni ya tundu kubwa ndiyo mjomba mdogo aliyoitegemea. Tundu la peni hutobolewa kabla ya chapa. Hili lilikuwa limekula hadi kwenye meno ya tembo yaliyochorwa pembeni, na ndani yake lenzi ilionyesha mikwaruzo ya mzunguko kama ya bolti. Mjomba aliitazama muda mrefu, kisha akacheka mwenyewe: "Hii ni washa, ile pete ya bolti. Ilikuwa kwenye bawaba ya mlango wa choo."

Bei sasa. Mfanyabiashara mmoja mjini alitaka zote kwa 2,000 kila moja, bila kutazama. Mtandaoni nilijifunza kutazama bei zilizolipwa, siyo zile wauzaji wanazotamani, na tofauti ni kama ya mlima na kichuguu. Madini ya fedha yenyewe ni kidogo: shilingi za 1921 hadi 1946 zina robo tu ya fedha, yaani hazifiki gramu mbili kwa sarafu moja, na zilizofuata hazina kabisa. Ile iliyoumwa ina thamani kuliko wenzake, lakini kuituma Marekani ikathibitishwe na kufungwa kwenye kisanduku kungekula zaidi ya inayoweza kuleta. Mamilioni hayakuwepo.

Tukagawana kwa idadi, nikabaki na ya 1924, nimeifunga kwenye karatasi kavu, siyo plastiki. Shilingi tano ya pembe saba amepewa mama mdogo, kwa sharti aiweke mbali na ndimu. Mizani inazunguka mtaani. Kila mwenye kopo anaiazima, hurudi bila betri. Mjomba mdogo aliomba peni ya tundu kubwa tu. Nilipopita kwake Jumapili, mlango wa choo ulikuwa haulii tena.